Uthibitisho wa Ubibi

Si zamani sana, wala si mbali sana, ila si kwenu, msije mkasema nimewasema. Palikuwa na nchi iitwayo Subirini, nchi ya amani, yenye mawaziri wengi kuliko madaraja. Serikali ya Subirini iliwapenda wananchi wake kupita kiasi, na kila mwaka ilichagua kundi moja la kulipenda zaidi. Mwaka mmoja iliwapenda wakulima, mbolea ikaadimika. Mwaka uliofuata iliwapenda walimu, wengi wao wakahamia kwenye biashara ya kuuza vocha. Kisha Mheshimiwa Dakta Polikarpo Tambalizi, Waziri wa Wazee, Malezi na Mengineyo, akarudi kutoka safari ya siku kumi na nane ng'ambo, na zamu ikawa ya mabibi.

Huko ng'ambo Mheshimiwa alionyeshwa jambo lililomtoa machozi. Bibi anayekaa na wajukuu ili wazazi wao waende kazini, naye huhesabiwa kuwa yuko kazini, na miaka yake ya kubembeleza huingizwa kwenye pensheni. Waziri alilia pale pale mstari wa mbele, na picha ya machozi yake ikatoka katika magazeti yote matatu ya serikali. Wajukuu wake mwenyewe walikuwa wakilelewa na mayaya wawili na mbwa mmoja, lakini hilo si la leo.

Bi Tunu Mkwachu alikuwapo uwanjani siku sheria ilipotangazwa. Hakwenda kwa kupenda. Lori la halmashauri lilipita mtaa wa Kivumbi asubuhi likizoa kila mwenye mvi, na tangazo lilisema mabibi waje "pamoja na vielelezo", yaani wajukuu. Walisimama juani tangu saa mbili. Waziri alifika saa saba na nusu, akaomba radhi kwa kuwahi.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwa miaka mingi bibi wa Subirini amelea bure. Nauliza, bure mpaka lini? Upendo usio na takwimu ni hasara kwa taifa! Kuanzia leo, kila mwaka ambao bibi amemlea mjukuu ni alama moja. Akifikisha alama tatu, bibi anaingia kwenye pensheni. Bibi analea, taifa linaendelea!"

Aliyasema hayo mara mbili, neno kwa neno, maana katibu wake alikuwa amepiga chapa ukurasa ule mara mbili. Watu wakashangilia mara mbili.

Bi Tunu alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na mgongoni alikuwa amembeba Siwema, miaka minne, amelala na jasho likimtiririka. Alihesabu miaka yake ya kulea kwa vidole. Wajukuu saba amewalea, mmoja baada ya mwingine, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Vidole vilikwisha, akaanza kuhesabu kwa vya Bi Mwantumu, jirani yake aliyesimama pembeni. Kila alfajiri alikuwa akichuchumaa mbele ya jiko akipika vitumbua vya kuuza, na magoti yake yalikwisha kulalamika mpaka yakachoka kulalamika. Mganga wa zahanati alimwambia wazi: "Mama, ama uache jiko, ama jiko likuache sakafuni." Pensheni, hata iwe ndogo namna gani, ilikuwa na maana moja tu kwake, kwamba kile kikaango kingetundikwa ukutani.

*

Kabla sijaendelea, lazima mjue jambo moja la Kivumbi, maana ndilo lililokuja kuzua balaa.

Siwema alizaliwa na Havijawa, kitindamimba wa Bi Tunu. Alipofika miezi minane, Havijawa alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja mji mkuu, akamwacha mtoto kwa mama yake. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, na biskuti, na viatu ambavyo kila mara vilikuwa vidogo kuliko miguu. Siwema alimwita Dada Havi. Aliyeitwa Mama ni Bi Tunu. Hakuna mtu Kivumbi aliyewahi kugeuza shingo kwa ajili hiyo, kwa kuwa mtaa mzima umejaa watoto wa namna hiyo. Anayekukoroga uji, anayekuogesha ukipiga kelele, anayekufinya na kukubembeleza kwa mkono ule ule, huyo ndiye mama. Aliyekuzaa ni dada anayekuja na mabegi. Mtoto akikua huja kuelewa, na akielewa haachi kuita alivyozoea.

Serikali ya Subirini haikuwa na habari hiyo. Ilikuwa na habari nyingi, ila si hiyo.

*

Ofisi ya Uhakiki wa Mabibi ya wilaya ilifunguliwa katika jengo lililokuwa la mizani ya pamba. Afisa wake, Bwana Erasto Mapalala, alikuwa mtu mpole mwenye shati lililonyooshwa vizuri na mhuri aliouvalisha kifuniko cha kufuma. Juu ya meza yake palikuwa na picha ya zamani, kikongwe mwembamba amemshika mkono mtoto wa kiume mwenye kaptura, na chini yake maandishi ya wino wa buluu: "Mimi na Mama." Kikongwe yule alionekana ana miaka sabini, mtoto sita. Bi Tunu aliitazama picha, kisha akamtazama mwenye meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu mama. Keti mama. Umelea wajukuu wangapi?"

"Saba."

Bwana Mapalala alifurahi, akavuta fomu yenye kurasa kumi na nne, juu imeandikwa UTHIBITISHO WA UBIBI. "Wako wapi?"

"Wa kwanza ni askari magereza. Wa pili fundi bomba. Wa tatu kaolewa, ana wawili wake. Wa nne..."

"Subiri kidogo, mama. Hao ni watu wazima."

"Ndiyo. Niliwalisha, wakakua."

Bwana Mapalala aliweka kalamu chini kwa masikitiko. "Hapo sasa ndipo penye tatizo. Sheria inataka mtoto ahakikiwe akiwa analelewa. Aliyekwisha kukua hahakikiki."

"Kwa hiyo ningewadumaza?"

"Hapana mama, kudumaza mtoto ni kosa, liko kwenye sheria nyingine. Ila kwa kukua, hawa wameharibu ushahidi."

Bi Tunu hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Siku ya pili alirudi na yule askari magereza, Mbaruku, jitu la futi sita na ndevu, limevaa sare na mkanda unaong'aa. Mbaruku alisimama wima mbele ya meza, akapiga saluti, akasema, "Huyu ndiye aliyenilea, mkuu." Bwana Mapalala alimtazama kuanzia buti mpaka kofia, akaandika katika fomu: *Mtoto amezidi kipimo.*

Basi akabaki Siwema. Miezi minane alipoachwa, sasa miaka minne. Miaka mitatu na miezi minne mikononi mwa bibi yake, alama tatu kamili, hazizidi wala hazipungui. Bwana Mapalala mwenyewe alimpongeza.

"Bado ukaguzi wa nyumbani tu, mama. Hilo ni dogo."

Katika Subirini, kila kikubwa hutanguliwa na neno hilo.

*

Kabla ya ukaguzi palikuwa na warsha. Serikali iligundua kwamba mabibi walikuwa wakilea kwa mazoea, bila utaalamu, ikamleta kutoka mji mkuu kijana mmoja aliyeitwa Mtaalamu Mwelekezi wa Kubeba. Hakuwa na mtoto, wala hakuwa na mpango. Alikuwa na mwanasesere wa plastiki na picha za kuonyesha ukutani. Mabibi mia mbili walikaa siku nzima wakifundishwa jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga. Mtaalamu alijifunga mwanasesere, akageuka kuonyesha, mwanasesere akachomoka kichwa chini. Bi Tunu, aliyekaa mbele, alimdaka kabla hajagusa sakafu, akampigapiga mgongoni bila kufikiri, na ukumbi mzima ukasema "pole mwanangu."

"Hiyo mbinu haimo katika mwongozo," alisema Mtaalamu.

Kwa kuwa watoto wangevuruga warsha ya watoto, mabibi walikuwa wameamriwa kuwaacha nyumbani. Na kwa kuwa waliwaacha nyumbani, siku ile ikaandikwa kuwa siku isiyo ya malezi. Bi Tunu alikatwa siku moja, akaifidia kwa kuomba ukaguzi uahirishwe kwa siku moja.

Wakati huohuo Kivumbi kulianza biashara. Wazee wa kiume ambao maisha yao yote hawakuwahi kujua mtoto anafutwa upande gani, walijiandikisha kuwa walezi. Mzee Kopwe, mjane anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga, aliyejulikana kwa kufukuza watoto kwa bakora, alikutwa na wajukuu kumi na mmoja, wote wa rika moja na wote wa makabila tofauti. Mjukuu mnono alikodiwa kwa debe la mahindi, na mwenye kujua kusema shikamoo vizuri kwa debe na nusu.

Habari zikafika juu. Waziri alighadhibika, akatoa waraka uliosomwa redioni baada ya taarifa ya habari: "Imebainika kwamba watu wazima wa nchi hii ni waongo, isipokuwa viongozi. Kuanzia leo neno la mtu mzima halitapokelewa katika uhakiki. Ushahidi ni mdomo wa mtoto peke yake."

Bi Tunu aliusikia waraka ule akigeuza vitumbua. Alifurahi. Alijiambia kwamba sasa waongo watakoma, na mwenye haki yake ataipata.

*

Wakaguzi walikuja watatu, Bwana Mapalala, bibie mmoja wa kuandika, na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kubeba mkoba wa mhuri. Walitandikiwa mkeka. Walikula vitumbua kumi na viwili kwa niaba ya serikali. Kisha Bwana Mapalala akachuchumaa, akamtabasamia Siwema, ambaye alikuwa amepakatwa na Bi Tunu na mdomo umejaa.

"Mtoto mzuri, unaitwa nani?"

"Siwema."

"Safi. Na huyu aliyekupakata, ni nani wako?"

"Mama," alisema Siwema, akameza.

Kalamu ya bibie ikasimama. Bwana wa mhuri akafunga mkoba.

"Rudia, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Mama!" Siwema alisema kwa nguvu zaidi, akidhani mgeni ni kiziwi, na ili kumsaidia akamgusa Bi Tunu shavuni kwa kidole chenye mafuta.

Bi Tunu alicheka. Akaeleza. Bi Mwantumu naye alikuja mbio kutoka ng'ambo ya ua, akaapa kwamba yeye mwenyewe alishika beseni siku Havijawa anajifungua mtoto huyu.

"Mama, wewe ni mtu mzima," Bwana Mapalala alimwambia kwa upole. "Kwa mujibu wa waraka, unasema uongo."

"Mwanangu," alisema Bi Tunu, "wewe mwenyewe umeniita mama tangu ulipoingia hapa."

"Hiyo ni heshima, mama. Si ushahidi."

Akafungua kitabu, akasoma kifungu cha kumi na tisa: mtoto amwitaye mwombaji mama ni mtoto wa mwombaji, na mama hapati alama, kwa kuwa kulea mtoto wako mwenyewe si kazi. Bi Mwantumu, aliyezaa tisa, aliomba asomewe tena hayo maneno ya mwisho. Akasomewa. Akarudi kwake bila kuaga.

Ikaandikwa basi katika faili kwamba Bi Tunu Mkwachu alijifungua salama mtoto wa kike akiwa na miaka sitini na minne. Na serikali, kama mjuavyo, haiandiki kitu kikakaa bure. Wiki ile ile zahanati ilimpelekea kadi ya kliniki ya mama na mtoto, pamoja na karipio kwa kuchelewa. Redio ya wilaya ilimpongeza na kumpigia wimbo. Wanawake watatu watu wazima walikuja uani mmoja mmoja, kwa kificho, kuuliza alitumia dawa gani. Mzee Kopwe alimtumia salamu mara mbili, na mara ya pili aliambatisha kuku.

"Kuna njia," Bwana Mapalala alikuwa amemwambia wakati wa kuondoka, akijifuta mafuta vidoleni. "Unapewa siku kumi na nne za kurekebisha kauli ya mtoto. Akisema Bibi, mambo yamekwisha. Hilo ni dogo, mama."

*

Bi Tunu alimpigia simu Havijawa. Nyuma ya sauti yake zilisikika mashine za kufulia zikiunguruma.

"Mfundishe tu, mama. Mtoto mdogo, hashindwi," alisema Havijawa. "Na mimi je? Ataniita nani?"

"Atakuita mama. Si ndiye wewe?"

Mashine ziliunguruma kwa muda. "Basi mfundishe vizuri," alisema Havijawa, kwa sauti ambayo Bi Tunu alikuwa hajaisikia tangu mwanawe akiwa na meno ya utoto.

Kazi ikaanza. Siku ya kwanza Siwema aliona ni mchezo. "Mimi ni nani?" "Bibi!" anasema, anacheka, anapewa kashata. Akila kashata anasema, "Mama, ongeza." Siku ya tatu akaonyeshwa picha ya Havijawa, akaambiwa huyu ndiye mama. Siwema aliitazama, akasema kwa huruma ya mtu anayemsahihisha mzee, "Huyu Dada Havi." Siku ya sita kashata zilikwisha, na Bi Tunu akaingia njia nyingine. Akiitwa mama, haitikii. Akiitwa bibi, anaitika. Ilikuwa Bi Mwantumu aliyemshauri, na alimshauri huku anaangalia pembeni.

Siku ya tisa, mchana, Siwema alikuwa akimfukuza yule kuku wa Mzee Kopwe. Akajikwaa kwenye figa, akaanguka, goti likapasuka.

"Mama!"

Bi Tunu alikuwa jikoni, mikono imo ndani ya unga wa mchele. Mwili wake ulikwisha inuka kabla ya akili. Akauzuia. Zimebaki siku tano, alijiambia. Akifika sasa, yote ya siku tisa yamemwagika.

"Mama! Mamaa!"

Alisimama mlangoni, unga ukimdondoka vidoleni. "Unamwita nani?" alisema. "Mama yuko mjini."

Siwema aliacha kulia. Si kwamba maumivu yalikwisha, bali kwa mshangao. Alimtazama Bi Tunu kwa muda mrefu, kuanzia miguuni mpaka usoni, akimtafuta mtu aliyekuwa akimjua.

"Bibi," akasema, kidogo sana, kama anavyosalimiwa mgeni.

Ndipo Bi Tunu alipokimbia, magoti na yote. Alimwosha kidonda, akampaka mafuta, akampa kitumbua cha moto. Mtoto alikula bila kumwangalia. Bi Tunu alijiona mshenzi, na mimi sina msemo wa kulipamba hilo. Alijiona mshenzi.

*

Ukaguzi wa pili ulikuwa mtamu kama sukari guru. Huyu ni nani? Bibi. Mama yuko wapi? Mjini. Anafanya nini? Anafua mashuka. Siwema alijibu kwa mpangilio, mikono imeshuka ubavuni, na alipopata kiu alisema, "Bibi, naomba maji," badala ya kujivutia kata kama zamani. Hakupanda tena mapajani. Alikaa mwisho wa mkeka.

"Mtoto ana nidhamu kweli," alisema Bwana Mapalala, na mhuri ukatua. "Hongera sana, mama."

Ilikuwa imebaki sherehe tu. Na sherehe katika Subirini hazina mzaha, maana ni sehemu pekee ya mipango inayotekelezwa kwa ukamilifu. Mabibi elfu mbili waliletwa uwanjani, wakavishwa fulana elfu mbili za njano zenye maandishi BIBI ANALEA, TAIFA LINAENDELEA, na kofia elfu mbili za njano zenye ukingo mpana ulioshuka mpaka puani. Watoto walitengwa katika uzio wa turubai upande wa kaskazini, ulioandikwa VIELELEZO, ili wasisumbue sherehe yao. Mabibi kumi bora walipangwa mbele ya jukwaa wapokee hati mkononi mwa Waziri. Bi Tunu alikuwa wa nne. Hati yake aliiona pale juu ya meza, ina utepe.

Waziri alipanda. Kwa heshima yake bendi ya polisi ikapuliza matarumbeta yote kwa mpigo mmoja, hatua tano kutoka kwenye ule uzio.

Watoto walifanya ambalo mtoto yeyote mwenye akili angelifanya. Uzio ulilala chini, nao wakatawanyika uwanja mzima wakilia, na kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa amefunzwa wiki mbili kwa kashata na kwa kununiwa, wote walilia neno moja: "Bibi! Bibi!" Mabibi elfu mbili waligeuka. "Bee!" waliitika elfu mbili. Kila mtoto alikimbilia fulana ya njano, akakuta siyo, akakimbilia nyingine. Mtaalamu Mwelekezi wa Kubeba alionekana amebeba watoto wawili, mmoja kichwa chini.

Ilichukua nusu saa kuwakutanisha, na mabibi kumi bora walizuiwa kutoka mstarini. Mwishowe akabaki mmoja. Askari alimwinua, akamsimamisha jukwaani mbele ya kipaza sauti. Alikuwa Siwema, kovu jipya gotini.

"Mtoto, umekuja na nani?" aliuliza Waziri kwa tabasamu la kupigwa picha.

"Bibi."

"Bibi yupi?"

Siwema aliangalia uwanja. Njano ilianza miguuni mwake ikaenda mpaka mwisho wa macho. "Bibi," alisema tena, na mdomo ukaanza kutetemeka. Jina lingine la mtu huyo alikuwa nalo, lakini alijua kwamba jina lile siku hizi haliitikiwi. Alilizuia kadiri mtoto wa miaka minne anavyoweza kuzuia kitu. Kisha likamtoka, na vipaza sauti vyote vikalibeba.

"Mama!"

"Kumbe ana mama!" Waziri alifurahi. "Mama wa mtoto huyu yuko wapi? Ajitokeze!"

Mabibi elfu mbili hawakupumua. Wote walikuwa wanaelewa.

Bi Tunu alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alisikia pumzi ya Bwana Mapalala sikioni mwake. "Panda umchukue, mama, lakini sema wewe ni bibi yake. Hati ile pale. Neno moja tu, mama. Bibi."

Alipanda ngazi, kila goti likidai haki yake. Akavua kofia. Siwema alimwona. Hakumkimbilia. Alibaki pale pale, machozi yamesimama njiani, akamtazama si machoni bali mdomoni, na akauliza polepole, kama anayegonga mlango aliowahi kufungiwa:

"Mama?"

Bi Tunu aliiona hati. Alikiona na kikaango. Nisiseme uongo, alivitazama vyote viwili vizuri.

"Bee, mwanangu," alisema kwenye kipaza sauti, Subirini nzima ikisikia. "Mama yako niko hapa."

Mtoto alimrukia kwa nguvu mpaka nusura waanguke wote wawili juu ya Mheshimiwa.

"Mnaona!" Waziri alipaza sauti, akipiga makofi. "Hata akina mama wamejitokeza kuunga mkono mpango huu!" Bendi ikapuliza.

Chini ya jukwaa Bwana Mapalala alikuwa amekwisha kufungua faili. Aliandika kwa wino mwekundu: *Mwombaji amekiri mbele ya Waziri.* Akapiga mstari juu ya alama ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hati yenye utepe akaitia kwapani.

"Fulana, mama," alisema bila kuinua macho. "Ni mali ya mabibi."

Bi Tunu aliivua, akabaki na gauni lake. Akamkabidhi. "Baba," alimwuliza, bila hasira, "yule wa kwenye picha mezani kwako, ndiye aliyekuzaa?"

Bwana Mapalala alianza kuikunja ile fulana. Aliikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama faili na haikunjiki tena.

"Na kofia," alisema.

Lori la kurudi Kivumbi lilikuwa la mabibi waliothibitishwa, hivyo Bi Tunu alitembea. Alimbeba Siwema mgongoni, akamfunga kwa kanga kwa mbinu isiyomo katika mwongozo. Magoti yaliuma kila hatua, na alfajiri ya kesho yake yangeuma tena mbele ya jiko, na keshokutwa pia. Njia nzima Siwema alimwita mama. Mara chache aliita kwa jambo, na mara nyingi bila jambo lolote, kama fundi anayewasha na kuzima taa aliyoitengeneza mwenyewe. Kila mara aliitikiwa.